Maji ya Ghorofa ya Nne

Saa tisa kasoro dakika tano mchana, Jumanne, Ramadhani chungu cha kumi, yaani siku ya kumi ya mfungo, mita ya maji kwenye lango la Jumba la Marjani ilikuwa inasoma sifuri. Kioo chake kilikuwa na vumbi. Nyevu Masha alikipangusa kwa kidole gumba, akasoma tena, akaandika namba hiyo daftarini pamoja na saa.

Jumba lilikuwa na ghorofa sita, nyuma ya soko la zamani la Malindi, na lilikuwa limemalizwa miaka miwili nyuma. Nyevu alikuwa mkaguzi wa majengo. Aliyemwita ni Afiya, mwalimu wa wauguzi, ambaye alitaka kujua jambo moja: kama nyumba ya ghorofa ya nne yafaa kukaliwa na mama yake.

Mama huyo, Bi Chiku, alikuwa na miaka sitini na minane na moyo uliotanuka. Daktari alimkataza chumvi tangu mwaka uliopita, na mara mbili baada ya hapo alilazwa kwa kuvimba miguu. Alimkataza pia kufunga, hilo hakulitii. Nyumba yake ya mtaa wa Shela ilikuwa imekwisha kuuzwa, na wanunuzi walimpa hadi mwisho wa Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, awe amehama. Alichopata kilitosha kununua nyumba moja. Akikosea hiyo, ya pili hapana.

Dalali wa Jumba la Marjani alikuwa Amjad, mdogo wake Bi Chiku, tumbo moja. Mkataba alikuwa nao kwapani, ndani ya bahasha ya kaki.

"Shikamoo," Nyevu alimwambia.

Amjad hakuitikia. Alimgeukia Afiya. "Huyu ndiye?"

"Ndiye, mjomba."

"Mimi nimekula chumvi ya mji huu miaka sitini, mamako ananiamini, halafu wewe unaniletea mtoto wa watu aje anikague?"

"Anakagua nyumba, mjomba. Hakukagui wewe."

"Kwenu wapi, bibiye?" Amjad alimuuliza Nyevu.

"Dabaso."

"Ahaa. Mnakojenga kwa mikoko. Ndiko ulikosomea zege?"

"Zege nilisomea chuoni," Nyevu alisema. "Lakini mkoko unastahimili chumvi. Nondo haistahimili. Tupande?"

Walipanda kwa lifti, wote wanne, Bi Chiku ameshikwa mkono na Afiya. Nyevu alihesabu sekunde thelathini na nane kutoka chini hadi ghorofa ya nne. Kabla ya kupanda alikuwa amezunguka nyuma ya jengo na kukuta jukwaa la zege lenye skrubu nne kubwa zinazochungulia, mahali palipojengewa jenereta. Jenereta haikuwapo. Hilo nalo lilikuwa daftarini.

Nyumba ilikuwa na vyumba viwili, sebule, jiko na roshani. Kuta zilikuwa zimepakwa rangi mpya, nyeupe, na harufu yake ilikuwa bado haijaisha. Katikati ya sebule paliwekwa kiti kimoja cha plastiki, na Bi Chiku aliketi hapo, mtandio wake mweusi ameuvuta mpaka kipaji cha uso, mkoba mapajani. Amjad aliweka bahasha kwenye kizingiti cha dirisha, akaweka kalamu juu yake.

"Dada, angalia upepo huu," alisema. "Shela hukuwa nao."

"Mzuri," alisema Bi Chiku.

"Huo ni wa kaskazi," Nyevu alisema. Alikuwa amekwisha kuingia chumba cha kulala na kurudi. "Unaingia sebuleni. Dirisha la chumba chako limekabili ukuta wa jengo la pili, na kati yao hapafiki mita moja na nusu. Kusi likianza utalala bila hewa. Na chini yake pana fundi wa kuchomelea mageti. Leo amefunga duka."

"Atavumilia," alisema Amjad. "Watu wa mjini huvumilia kelele."

"Na umeme ukikatika? Jenereta haipo, na ngazi ni themanini na nne."

"Imeagizwa."

"Lini?"

Amjad alimwangalia Afiya, si Nyevu. "Mwambie rafiki yako mimi sikuja mahakamani."

Nyevu alitoa sarafu mfukoni, akapiga goti, akaanza kugonga vigae vya sakafu kimoja kimoja, kutoka mlangoni hadi roshani. Vingi vilitoa sauti kavu. Kumi na kimoja, karibu na roshani, vilitoa sauti ya kopo tupu. Alivitia alama kwa chaki. Kisha alimwaga maji kidogo ya chupa kwenye sakafu ya roshani. Yalipaswa kukimbilia tundu la kutolea maji. Yalirudi polepole hadi kwenye kizingiti cha sebule yakatuama hapo.

"Mvua za masika zitaingia ndani," alisema. "Zilikwisha kuingia. Ndiyo maana vigae vimeachana na sakafu."

"Dada, unasikia? Maji ya bilauri moja, na mvua ya mwaka mzima amekwisha kuiona."

Bi Chiku aliyatazama maji yale kizingitini.

Nyevu alisimama roshani akatazama juu. Boriti ya zege iliyobeba roshani ya ghorofa ya tano ilikuwa na ufa mwembamba upande wa chini, umenyooka kwa urefu wake wote kama uliochorwa kwa rula, na rangi mpya ilikuwa imepasuka palepale. Mahali pawili palikuwa na doa la hudhurungi.

"Ufa huu unafuata nondo," alisema. "Chuma kikishika kutu hufura, na kikifura hupasua zege."

"Ufa wa unywele!" Amjad alicheka. "Kila chenye umri kina ufa. Hata wewe usoni unao."

"Wa usoni haukubeba ghorofa mbili."

Afiya aliuma mdomo asicheke. Mjomba wake aliliona hilo, na tangu hapo hakucheka tena.

Kwenye pembe ya roshani, nyuma ya bomba la maji machafu, fundi wa rangi hakufika. Plasta ilikuwa wazi, na juu yake palitoka unga mweupe kama ukoga. Nyevu aliukwangua kwa ufunguo juu ya karatasi, akaendelea kukwangua hadi plasta yenyewe, akamletea Bi Chiku karatasi ile kitini. Ndani ya vumbi kulikuwa na vipande vidogo vya makombe, vyeupe na vya waridi.

"Mchanga wa ufuoni," alisema. "Haukuoshwa. Huo unga mweupe ni chumvi inayotoka ukutani."

"Uliuona ukichotwa?" Amjad aliuliza.

"Naona makombe."

"Makombe yamo hata kwenye matofali ya mawe yanayokatwa Junju. Pwani nzima imejengwa kwa makombe. Misikiti ya wazee wetu ina makombe!"

"Kweli, kwenye jiwe yamo," alisema Nyevu. "Hii si jiwe. Hii ni plasta, na ndani ya misikiti ya wazee wenu hamna nondo."

Bi Chiku aliirudisha karatasi. "Afiya," alisema kwa sauti ya chini, "umemleta mtu kugombana na mjomba wako, mwezi kama huu?"

"Nimemleta akwambie kweli, mama."

"Kweli ya nyufa. Mimi nimebakiza miaka mingapi? Jengo litanishinda kuishi." Alimtazama ndugu yake. "Nataka lifti, maji na mlango unaofungika. Vipo?"

"Vipo, dada. Wallahi vipo."

"Basi nipe kalamu."

Amjad aliishika bahasha. Nyevu alikuwa amekwisha kuingia jikoni.

Bomba la jikoni lilitoa maji kwa nguvu, safi, yasiyo na rangi. Nyevu alijaza bilauri ya plastiki akatumbukiza kipimo chake, kijiti chenye kioo kidogo cha namba. Alingoja namba itulie. Kisha akatoka nacho.

"Elfu tatu na mia tisa," alisema. "Maji ya mfereji, yale ya mji, nimeyapima asubuhi nyumbani kwangu. Yalisoma mia nne na kumi. Hiki hupima chumvichumvi iliyomo majini. Haya ni ya kisima."

Mkono wa Afiya ulikwenda mdomoni. Alikuwa mwalimu wa wauguzi, na hakuhitaji kuelezwa zaidi.

"Kwani dada atakunywa namba?" alisema Amjad. "Kidude cha dukani! Maji haya ni ya mfereji."

"Mita ya langoni inasoma sifuri."

"Imeharibika."

"Mita iliyoharibika husimama pale ilipofika. Ile haijaondoka."

Mlango wa nyumba ulikuwa wazi, na wakati huo mwanamke mmoja alikuwa anatoka kwenye lifti na mtungi wa lita ishirini, ameuinamia upande mmoja. Lifti ilikuwa imesimama ghorofa ya nne kwa kosa, kama ilivyozoea, naye alikuwa ameamua kumalizia kwa miguu. Aliwaona watu akatua mzigo.

"Hamjambo?"

"Hatujambo," Nyevu alisema. "Unakaa hapa?"

"Ya tano. Naitwa Janet."

"Hayo ni maji gani, dada Janet?"

"Ya kununua. Kila siku mtungi. Siku ya kupikia wageni, miwili."

"Janet, endelea na safari yako," alisema Amjad. "Hakuna aliyekuita." Kisha akawaambia wengine, "Huyu anamchukia kila mtu jengoni."

"Si kila mtu," alisema Janet. "Mzee huyu ndiye aliyetuuzia. Mwaka jana, mwezi huu huu, saa kama hizi. Mimi na mume wangu ni watu wa kanisa, hatukuwa tumefunga. Lakini yeye alikuwa amefunga, amekauka midomo, anatutembeza juu na chini. Ningefungua bomba ninywe mbele yake? Nimelelewa wapi? Tukaona haya. Tukatia sahihi. Siku ya kuhamia nikainjika chai, maziwa yakakatika kwa chumvi." Alihesabu kwa vidole. "Ya pili, Vivian, alikuja Ramadhani. Ya tatu, Ramadhani. Yule wa juu kabisa, Ramadhani."

"Biashara huwa nzuri Ramadhani," alisema Amjad. "Mwezi wa baraka."

"Naona," alisema Janet.

"Na hiyo ilikuwa mwaka jana! Mfereji wa mji umeunganishwa mwezi uliopita. Muulizeni kama ameyaonja tangu hapo. Umeyaonja?"

Janet alisita. "Nimeacha kuyaonja."

"Basi! Hajui." Amjad alimgeukia dada yake, mikono ameikunjua. "Mmoja ana kidude, mwingine ana chuki. Mimi nina damu moja nawe. Chagua."

Nyevu alichukua ile bilauri. Hakuwa Mwislamu, lakini alikulia Watamu na Malindi, na tangu utoto hakuwahi kula wala kunywa mbele ya mtu aliyefunga. Njaa ya Ramadhani aliifahamu kama yeyote pale, kwa kuistahi tu. Aliinua bilauri akanywa mafundo mawili.

Amjad alipiga ukuta kwa kiganja. "Astaghfirullah! Mbele ya watu waliofunga! Mbele ya mgonjwa aliyefunga! Afiya, huyu ndiye msomi wako? Huko kwao hawakumfunza hata kustahi swaumu ya mtu!"

"Bi Chiku, naomba radhi," Nyevu alisema. "Yana chumvi."

Bi Chiku alikuwa amegeuza uso. "Ungeweza kutoka nje," alisema. "Ungeweza kugeuka. Nilidhani una adabu."

"Ningegeuka, yeye angesema sikuonja."

"Ulimi wako, maneno yako," alisema Amjad. "Ushahidi wa mtu mmoja, tena aliyelipwa kuutoa."

"Basi yaonje wewe, mjomba," alisema Afiya.

"Nimefunga!"

"Na ndiyo maana ulipanga saa tisa mchana."

"Mwangalie mdomo wake, dada. Huyu ndiye atakayekuzika?"

"Mimi nimekuomba tuje usiku baada ya tarawehe, ukakataa. Nimekuomba tungoje Idi, ukakataa. Ni kitu gani hapa kisichongoja Idi?"

"Kwa sababu wewe hununui! Mamako ndiye anayenunua! Miaka mitatu umeolewa Kilifi, unakuja kila mwezi na matunda kwenye mfuko, nani anayempeleka hospitali saa saba za usiku? Wewe?"

Bi Chiku aliinuka. Ilimchukua muda, mkono mmoja kwenye kiti, mwingine gotini. Janet mlangoni hakuchukua mtungi wake. Bi Chiku alikwenda jikoni kwa hatua fupi, akafungua bomba, akayaacha maji yamwagike kwa muda, kama mtu anayengoja yaliyolala bombani yatoke.

"Dada, utafungua!" alisema Amjad nyuma yake. "Swaumu yako itabatilika! Tena siku ya kumi!"

"Nyamaza," alisema Bi Chiku. "Tangu mama alipofariki, nani aliyekupikia futari?"

"Wewe, lakini..."

"Miaka arubaini na mitatu. Tambi zako, mchuzi wako, mbaazi zako. Ulidhani chumvi naikisia kwa macho? Mpishi huonja kwa ncha ya ulimi akatema. Kila mwanamke wa mji huu ajua. Wewe hukujua kwa sababu hukupata kuingia jikoni ila kuuliza kama tayari."

Alitia kidole majini, akakigusisha ulimini, akatema kwenye sinki. Alitema mara ya pili, kisha ya tatu, akafuta mdomo kwa pembe ya mtandio. Alifunga bomba.

"Wali wa maji haya hautaki chumvi," alisema.

Alijifuta kidole, akamgeukia ndugu yake.

"Ulijua?" alimuuliza Amjad.

"Dada, hapa mjini kila mtu hununua maji ya kunywa. Mtungi mmoja..."

"Sikukuuliza kila mtu. Wewe ulijua?"

"Kisima kilikuwa kitamu walipokichimba. Baadaye ndipo..."

"Amjad."

"Nilijua."

"Na alilosema daktari ulilijua. Ulikuwa umekaa pembeni yangu. Wewe ndiwe uliyeniandikia kwenye karatasi: asile chumvi, asipikiwe kwa chumvi."

Amjad aliiokota kalamu, akaifunika, akaitia mfukoni. Uso wake ulikuwa umebadilika. Hakuwa tena mtu wa kubembeleza.

"Sawa," alisema. "Usinunue. Mwisho wa Mfungo Mosi wale watu watakutolea vyombo barazani, na mwanao atakuchukua Kilifi ukalale chumba kimoja na wajukuu. Siku hiyo usinipigie simu."

"Sitakupigia. Na futari ya leo katafute kwingine."

"Kwa sababu ya maji?"

"Sahani yako sitaiweka. Leo wala kesho."

"Dada, mimi nduguyo!"

"Ndiyo. Ningekuwa mgeni ungeniogopa kidogo."

Simu ya Amjad ililia. Aliitazama, akawapa mgongo, na sauti iliyomtoka ilikuwa nyingine kabisa, laini, ya mwenyeji anayepokea wageni. "Ahlan, ahlan. Hapana, hamjachelewa. Mko langoni? Pandeni tu, ghorofa ya nne. Lifti inafanya kazi, alhamdulillahi." Alikata simu. "Haya, tokeni. Nina watu."

"Watu gani?" aliuliza Bi Chiku.

"Wateja. Biashara yangu haikusimama kwa ajili yako."

"Wamefunga?"

Amjad alinyoosha mkono kuelekea mlangoni. "Nimesema tokeni. Ufunguo wa nyumba hii ninao mimi."

Bi Chiku alirudi sebuleni, akakivuta kile kiti cha plastiki mpaka kikatazama mlango, akaketi. Aliweka mkoba mapajani. "Nitawangoja," alisema.

"Dada, usinifedhehi."

"Nitawangoja."

Amjad alishika mgongo wa kiti kwa mikono miwili. Afiya alisogea akasimama ubavuni mwa mama yake, karibu sana na mjomba wake kiasi cha kusikia pumzi zake.

"Kitikise," alisema. "Nakuomba, mjomba. Kitikise mara moja tu."

Mikono ya Amjad ilibaki pale kwa muda. Kisha akaiondoa. Alitoka roshani, akarudi, akaichukua bahasha kwenye kizingiti cha dirisha, akaishika kifuani. Alimwona Janet bado amesimama mlangoni na mtungi wake.

"Na wewe unangoja nini?"

"Mimi nakaa hapa," alisema Janet.

Nyevu alifunga daftari. Ripoti yake ilikuwa imekamilika dakika ishirini nyuma, na hakuna kilichomweka pale kikazi. Alibaki.

Saa kumi na dakika ishirini na sita lifti ilifunguka ghorofa ya nne. Walitoka watu watatu: mwanamume wa makamo mwenye kanzu, mke wake, na mzee mwenye bakora aliyeshikwa mkono. Midomo yao ilikuwa mikavu. Amjad alipita mbele haraka, akafungua mikono. "Karibuni, karibuni, huu upepo mnaousikia ni wa bure."

Mwanamume alitoa salamu kwa wote. Aliyeitikia kwanza ni Bi Chiku, kutoka kitini. Alimwuliza mwanamke kama yeye ndiye anayepika futari nyumbani kwao. Mwanamke alisema ndiye. Bi Chiku akamwambia jikoni ni mkono wa kushoto.

Yule mwanamke alimwangalia Amjad, kisha mumewe. Kisha akaingia jikoni, na bomba likafunguliwa.